Chapati Haziwekwi Stoo

Mwende wangu,

Umeenda kusukwa kwa Mama Shiro, na kwa jinsi ninavyomjua Mama Shiro na umbea wake, hutarudi kabla ya saa kumi na moja. Muthokoi wa mahindi na maharagwe unachemka jikoni, baba yako bado yuko machimboni, na nyumba imenyamaza. Kwa hivyo niko na saa nne hivi za kuandika. Nimekaa kwenye meza ya kulia na kalamu yako ile ya bluu, na nikimaliza nitairudisha kwenye begi kabla hujaanza kuniuliza nani aliichukua.

Sitakuambia ufunge mlango wa hosteli, wala uanike blanketi Jumamosi, wala usile vibanzi vya stendi. Hayo nimekuambia wiki nzima mpaka ukaniuliza kama nimemeza kaseti. Barua hii ni ya jambo moja tu, na jambo lenyewe ni mimi.

Jumapili pale kanisani, akina mama walipomaliza kukuombea na kukupa zile blanketi mbili, mchungaji alikuambia useme neno. Ukasimama, ukakohoa kidogo, ukasema unaenda Eldoret kusomea kompyuta kwa sababu ya mama yako. Ukasema mama ndiye aliyekufundisha kwamba ukifanya kazi acha jina lako pale, ili ikiharibika watu wasihangaike kumtafuta aliyefanya. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya pilau, nikaishika mpaka ikapoa. Ukaja ukaniuliza kama naumwa na kichwa, nikasema ndiyo. Huo ulikuwa uongo, ingawa ni mdogo sana ukiuweka karibu na ule ninaotaka kukueleza.

Unajua kazini wananiita Mama Chapati. Tangu utotoni umedhani ni kwa sababu ya mapishi yangu, na nimekuacha udhani hivyo, maana chapati zangu ni nzuri na mtu hakatai sifa. Lakini jina lilitoka kwingine. Kila kijana anayeajiriwa pale mradi wa maji kuandika programu, namketisha siku ya kwanza namwambia: hapa stoo ni ya unga, chapati haziwekwi stoo. Anacheka, anaandika kwenye daftari lake, na habari inaishia hapo.

Nikueleze maana yake, hata kama huko chuoni utaikuta kwa maneno makubwa zaidi. Programu huandikwa na mtu, mstari kwa mstari, kwa maneno ambayo mwenzake anaweza kuyasoma na kuyasahihisha. Halafu kompyuta inayachukua yale maandishi na kuyageuza kuwa faili moja kubwa inayofanya kazi, ambayo hakuna binadamu anayeweza kuisoma. Kazi hiyo ya kugeuza, sisi ofisini tuliiita kupika. Na tulikuwa na stoo, yaani mahali ndani ya kompyuta ya Kitengela palipotunza maandishi yetu yote, pamoja na kila badiliko, aliyelileta, siku na saa. Stoo inapokea kilichoandikwa na mtu, huo ndio unga. Kilichopikwa na mashine, ndiyo chapati, hakiingii, kwa sababu mashine inaweza kukipika tena wakati wowote, na kikiingia kitakuchanganya. Unaandika orodha fupi ya majina ya faili za aina hiyo, unaiambia stoo hizi usiziangalie, umemaliza. Ni kazi ya dakika tano. Mimi sikuifanya.

Kwa vijana wote niliowafundisha hakuna aliyewahi kuniuliza nilijuaje. Wewe ulikuwa darasa la pili nilipojua.

Unakumbuka nilianza kama mpiga chapa. Ile mashine iliyo juu ya kabati ndiyo ilikulisha uji. Wakati huo ukisimama mlangoni kwetu ulikuwa unaona nyumbu ng'ambo ya barabara, na ofisi ya mradi ilikuwa vyumba viwili tu. Kompyuta ilipoletwa, meneja aliuliza nani yuko tayari kujifunza, na wanaume wote wakaangalia viatu vyao. Nikasema mimi. Nilisoma Nairobi kila Jumamosi kwa miaka miwili, baba yako akikubeba mgongoni na vumbi la mawe kwenye nywele, na majirani wakimwambia mkewe amemgeuza yaya. Nilipomaliza nilikuwa mtu wa pekee pale Kitengela anayeweza kuandika programu. Kiburi kilinipanda kichwani, sitaficha. Nilianza hata kutembea vingine.

Kazi yetu kubwa ilikuwa zamu za maji. Mradi ulikuwa na visima vya injini huku Kajiado, na kiangazi kikikaza, kila boma lilipewa siku yake na kisima chake cha kunyweshea ng'ombe, ili watu wasikutane wote mahali pamoja wakapigana. Programu ndiyo ilipanga zamu hizo. Mimi niliandika sehemu kubwa nikiwa Kitengela. Mwenzangu alikuwa Kajiado mjini, ndiye aliyejua visima na maboma, na ndiye aliyechapisha karatasi za zamu, akaziweka sahihi na muhuri, dereva akazipeleka visimani na kwa chifu.

Mwenzangu huyo aliitwa Lemayian. Kijana mrefu wa Rombo, mpole, amesoma kunishinda na hakunionyesha hata siku moja. Ule ushanga wa mkononi uliokataa kuuvua hata kwa kuoga, mpaka ukakatika mwenyewe, ni yeye alikuletea. Ulikuwa ukiniuliza, mbona yule mjomba haji tena? Nikakuambia amehama. Yeye ndiye aliyenifundisha kusalimu kwa Kimaasai, na kwamba salamu haijakamilika mpaka umeuliza habari za watoto na za ng'ombe, hata kama una haraka. Nilikuwa nikifika ofisi ya Kajiado ananipima kama mwalimu, nikisahau ng'ombe ananirudisha mlangoni nianze tena. Tulikuwa tunacheka sana.

Stoo ile tuliwekewa na mhandisi aliyekuja kutusaidia kwa miezi michache. Kompyuta ya Kajiado ilikuwa ikiipigia simu ile ya Kitengela kwa modemu, kale kasanduku kanakolia lia, ikachukua mapya na kupeleka mapya. Mhandisi alisema mara tatu kwamba vilivyopikwa visiingie. Mimi nilimwona mtu wa kusumbua. Kompyuta ya Kajiado ilikuwa ya msaada, imechoka. Kupika programu kuliichukua karibu saa nzima, na stima ya Kajiado haikuwa inangoja saa nzima. Mhandisi alipoondoka tu, nikaamua nitakuwa napika kwangu na kuweka stoo ile iliyopikwa, Lemayian awe anaichukua imeiva. Aliniuliza kwa simu, kwa adabu yake, kama mhandisi hakuwa amekataza. Nikamjibu kwamba mhandisi ameshaenda kwao, sisi ndio tuko na kazi. Akacheka, akakubali, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa mkubwa.

Nilikuwa naamini namsaidia, na ni kweli nilimsaidia miezi mitano. Lakini nilipenda pia kwamba kila kitu kilitoka mkononi mwangu kikiwa tayari, na yeye anapokea tu. Ukijikuta unamfanyia mtu kazi ambayo hakuomba, Mwende, jiulize kwanza ni nani anayefurahi.

Kisha ukaja ule mwaka wa ukame. Watu walihama na mifugo kutoka mbali, wengine kutoka upande wa Ewuaso Kedong, wakifuata visima vyetu. Katikati ya hali hiyo injini ya kisima cha tatu ikafa. Lemayian alipanda pikipiki akaenda akaiona kwa macho yake, akarudi, akasahihisha programu ili maboma yote ya kisima cha tatu yahamishiwe kisima cha tano. Akapika mwenyewe, saa nzima. Akachapisha ya majaribio, akakagua kila mstari kwa rula. Iko sawa. Akaweka vyote viwili stoo, maandishi na kilichopikwa, kama nilivyomzoesha.

Siku hiyohiyo mimi hapa Kitengela nilikuwa na kazi yangu. Wageni wa wafadhili walikuwa wanakuja, na meneja alitaka jina la mradi likae juu ya karatasi za zamu kwa herufi kubwa, na mstari chini yake. Nilibadilisha hilo, nikapika, nikaweka stoo. Stoo ikanikatalia. Ikaniambia kuna mwingine ameleta mapya. Kwa upande wa maandishi haikuwa na shida. Ilichukua mistari yake na yangu ikaiunganisha yenyewe, vizuri kabisa. Lakini ile faili iliyopikwa haiunganishwi, utaunganisha nini na nini kwenye kitu kisichosomeka? Kwa hivyo ikaniuliza nichague moja, yangu au yake.

Nilichagua yangu. Sikusoma alichobadilisha, sikumpigia simu, sikupika upya. Nilikuwa na keki ya wageni ya kwenda kuchukua kabla duka halijafungwa. Nikaandika maneno machache ya kueleza kazi niliyofanya, maana stoo inakulazimisha, nikazima kompyuta.

Asubuhi Lemayian akapiga simu kwa modemu akachukua mapya. Akaiambia kompyuta yake ipike. Sasa kompyuta si mtu, haijui maana ya kitu, inaangalia saa tu. Ikaona iliyopikwa imefika asubuhi ile, na maandishi yake ni ya jana, ikamwambia hakuna kipya cha kupika, kila kitu kiko tayari. Akaiamini. Karatasi zikatoka, kurasa nyingi, na jina la mradi juu kwa herufi kubwa. Alikuwa amezikagua mstari kwa mstari jana yake, angezikagua tena kwa nini? Akaweka sahihi na muhuri. Ndani ya karatasi hizo kisima cha tatu kilikuwa bado kizima.

Ijumaa ya wiki iliyofuata nilikuwa Kajiado kutengeneza printa. Akaingia mama mmoja, mrefu, shuka limekolea vumbi hadi kiunoni. Walimwita Ngoto Sein, yaani Mama Sein. Nilimsalimu kama nilivyofundishwa, nikasema takwenya, akaniitikia iko. Nikamuuliza watoto, akasema wazima. Na kwa mazoea, Mwende, kwa mazoea tu, nikamuuliza ng'ombe.

Alifungua ncha ya shuka akatoa karatasi ya zamu iliyokunjwa mara nne, akaifungua kwenye meza yangu na kuinyoosha kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayenyoosha nguo ya kanisani. Alikuwa ametembea siku mbili na ng'ombe hadi kisima cha tatu, siku aliyoandikiwa. Akakuta injini imefunguliwa iko chini. Kutoka hapo hadi cha tano ni siku nyingine. Tisa walilala njiani hawakuamka, na wawili kati yao walikuwa na mimba.

"Ng'ombe hawajui kusoma," akasema. "Ni mimi nilisomewa hii nikaamini."

Lemayian aliichukua ile karatasi akaiangalia, akakimbilia kompyuta. Akafungua maandishi yake, na maandishi yalikuwa sawa. Akaangalia karatasi, akaangalia kioo. Akaniuliza mbona huku kuko sawa na karatasi iko vingine. Mimi nilijua nikiwa bado nimesimama. Niliona lile jina la mradi kwa herufi kubwa juu ya karatasi, na nikajua chapati ya nani ilikuwa imeliwa. Nikamwambia labda alichapisha ya zamani kwa makosa.

Ningeweza kusema pale. Ngoto Sein alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, na ningemwambia mama, ni mimi, angalau aende na jina. Badala yake nilimletea chai. Aliikataa bila ukali wowote, akakunja karatasi yake akatoka.

Mkutano uliitishwa Jumatatu hapa Kitengela, alasiri. Na mchana ule, kabla ya mkutano, mimi na Lemayian tulikula pamoja kibandani, akanigawia nusu ya soda yake. Ukiniomba ushauri mmoja tu wa kazi, ni huu: siku ukikosea, sema kabla ya chakula cha mchana. Ukishakaa na watu mkala, unaanza kuona kama mambo yamepoa, ulimi unakuwa mzito, na jioni unajikuta una maelezo.

Meneja wa wakati huo alikuwa mtu wa sauti. Aliuliza ni nani aliyegusa programu mara ya mwisho. Lemayian akasema yeye alibadilisha kisima cha tatu, akajaribu, ikawa sawa, akaishia hapo. Meneja akanigeukia mimi, maana ndiye nilikuwa mtaalamu. Akaniuliza kama kuna njia ya kujua ni mkono wa nani ulioharibu.

Nikasema, "Hakuna."

Mwende, stoo ile kazi yake yote ni kujua mkono wa nani. Iliwekwa kwa ajili hiyo. Ukiandika neno moja inakutolea orodha, na kwenye mstari wa mwisho kabisa ilikuwa imeandikwa ndunge, jina langu, kwa herufi ndogo, siku ile, saa kumi na dakika chache, na maneno niliyoyaandika mwenyewe: kichwa cha karatasi kimerekebishwa. Meneja hakujua. Lakini mtu mwingine aliyekaa kwenye meza ile alijua vizuri kama mimi, na alikuwa ananiangalia. Hakukunja uso. Aliniangalia tu, muda mrefu, mpaka meneja akaanza kuzungumzia sahihi na muhuri ni vya nani. Vilikuwa vya Lemayian. Akaambiwa arudishe funguo.

Nilimfuata nje, sijui nilitaka kumwambia nini. Alikuwa anafunga mkoba wake kwenye pikipiki ya mtu. Akaniwahi kabla sijafungua mdomo.

"Niliiangalia stoo tangu Jumamosi, Mama Mwende," akasema. "Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

Akaenda Rombo. Sijamwona tena.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hakusema. Kuna wakati nilimkasirikia, unaweza kuamini? Nilijiambia kama angesema pale mkutanoni ningekubali, tungemaliza, kwa hivyo ni yeye aliyenifunga. Mtu akiwa na kosa hutafuta kosa hata kwa yule aliyekosewa. Siku hizi naamini alinifikiria vizuri kuliko nilivyokuwa, basi, na mimi nikamwangusha.

Kesho yake asubuhi nilitoa stoo kila kilichopikwa, nikaandika ile orodha ya faili zisizoingia, na nikaanza wimbo wangu wa unga na chapati. Miaka yote hii nimekuwa mkali kama pilipili juu ya jambo hilo. Nimewahi kumrudisha kijana mmoja nyumbani kwa sababu ya faili moja. Watu wanasema Mama Chapati hachezi na kazi. Ukweli ni kwamba nilisahihisha lile nililoweza kulisahihisha nikiwa peke yangu mbele ya kompyuta, bila kumwangalia mtu machoni, na nikapandishwa cheo kwa hilo.

Asubuhi ile, kabla sijatoa chochote stoo, nilichapisha ule ukurasa wenye jina langu. Sikujua nautakia nini. Nikauweka kwenye mkebe wa vyeti, chini kabisa. Mwezi jana ulipokuwa unatafuta cheti chako cha kuzaliwa, nilikunyang'anya ule mkebe kwa nguvu mpaka ukabaki umeshangaa, ukaniuliza kwani niko na pesa za kuficha. Ungevuta karatasi moja zaidi ungeiona.

Baada ya yale uliyoyasema kanisani nilishindwa kulala siku mbili, halafu nikachoka kushindwa kulala. Jumanne nilimwambia baba yako, yote. Alikuwa ananawa vumbi la mawe pale karaini, akaendelea kunawa mikono mpaka nikadhani hanisikii. Halafu akaniuliza Rombo ni mbali kiasi gani. Nikamwambia. Akajifuta mikono akasema, "Enda. Mimi nitajipashia muthokoi." Unamjua baba yako, hiyo kwake ni hotuba.

Jana nilienda kwa meneja wa sasa na kumpa barua ya kurasa mbili. Ni kijana mzuri. Alisoma nusu akacheka, akasema hayo ni mambo ya kale Mama Chapati, wacha yalale. Nikamwambia asome mpaka mwisho na aiweke kwenye faili ya Lemayian, mahali palipoandikwa uzembe, na ya pili aiweke kwenye faili yangu. Nikasimama pale mpaka akapiga muhuri. Amesema itabidi wakubwa waione. Huenda nikirudi nikakuta kiti changu kina mtu. Karo yako ya mwaka huu imeshalipwa, usinipigie simu juu ya hiyo, na mashine ya chapa bado inafanya kazi.

Ngoto Sein naye sijamsahau. Nimeuliza, nimeambiwa alirudi kwao upande wa Ewuaso Kedong na yuko hai. Kwake nitaenda mwezi ujao na baba yako, na hatutaenda mikono mitupu. Lakini wa kwanza ni yule aliyengoja.

Kitu kingine. Ule ukurasa nilikuwa nimeshauweka kwenye begi lako, chini ya blanketi, nikifikiri uwe nao, ukikua utaelewa, na maneno kama hayo ya watu waoga. Nimeutoa leo ulipoenda kusukwa. Kwako wewe ni habari tu, na habari umeipata. Usiutafute, haumo.

Huenda utakasirika. Kasirika. Ulisimama mbele ya kanisa zima ukanisifu, na mimi nikakuacha ukae chini bila kukusahihisha. Nakuomba msamaha kwa hilo, Mwende, kwa hilo peke yake, mengine si wewe wa kunisamehe. Lakini usiache yale uliyoyasema. Yalikuwa kweli. Ni mimi tu niliyekuwa siyafanyi.

Sasa nisikilize, nimesikia lango la Mama Shiro na sitaki unikute na kalamu. Kesho asubuhi tutatoka pamoja hadi Nairobi. Utanicheka kwa vile viatu vya raba nitakavyovaa, utasema nimekuja mjini kama mtu wa kwenda shamba. Nitakupandisha gari la Eldoret, nitakupa bahasha hii, nitakuambia usiifungue mpaka gari lisimame Nakuru, na kwa kuwa nakujua, utaifungua Naivasha. Utadhani nimerudi Kitengela. Sikurudi. Gari la Loitokitok, la kwenda upande wa Rombo, linatoka mtaa wa pili, na nimeshalipia kiti.

Ukisoma hapa niko karibu na Emali, na vumbi la Rombo bado linaningoja. Nikifika Rombo nitauliza kwa Lemayian, nitamsalimu, nitamuuliza watoto. Nitamuuliza na ng'ombe. Akinifukuza nitasimama nje ya boma mpaka nimalize kusema. Halafu nitampa ule ukurasa mkononi mwake, kidole changu kikiwa kwenye mstari wa mwisho, mahali palipoandikwa

ndunge